Sentimita Tatu

Kimo cha gari la Haflidi ni mita mbili na sentimita kumi na nne.
Mlango wa gereji, mita mbili na kumi na moja.
Amepima asubuhi, amepima baada ya kahawa,
amepima kwa utepe alioazima kwa Isleifur,
kana kwamba utepe wa jirani ungemwonea huruma.

Gereji aliijenga baba yake,
zege alilikoroga kwa koleo,
akijenga kwa ajili ya kigari cha buluu kilichomfika kifuani.
Nani angejua siku ile
kwamba magari yangerefuka kuliko wana?

Na theluji ya Siglufjordur haipigi hodi.
Usiku mmoja tu nje,
asubuhi unatafuta gari lako kwa fimbo.

Alishavua keria.
Alishavua taa nne za juu, na antena.
Akatoa upepo kwenye tairi,
zikakaa kama mikate iliyokosa hamira,
bado paa likagusa linta, likakwaruza,
sauti ile ikatutoa madirishani.

"Tukate linta," wakasema pacha waashi,
"mashine ipo, saa moja tu kazi imekwisha."
Haflidi hakujibu.
Alitazama juu, pembeni kushoto,
mahali ambapo mtu aliwahi kubandika kiganja
zege likiwa bado bichi.
Kiganja kidogo, cha mwanamke.
Sisi nasi tukatazama, kisha tukatazama viatu vyetu.

Ni binti wa Droplaug, miaka minane, mdomo umejaa peremende, aliyesema:
"Si mkae ndani, wanene wote?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Nimeitwa kwa mengi katika mji huu,
sijawahi kuitwa kwa ajili ya uzito wangu.
Niliacha madaftari mezani nikavaa buti.

Akaingia Otti wa kiwanda cha samaki, na harufu yake.
Akaingia mchungaji Arnfridur na koti lake la manyoya.
Pacha waashi, bega kwa bega.
Droplaug na paka, maana paka naye ana kilo sita.
Mimi nikabanwa kwenye buti, magoti kidevuni.
Haba na haba, kilo kwa kilo,
springi zikaguna, zikasalimu amri.

Haflidi akaliachia gari polepole, kichwa nje ya dirisha.
Hakuna aliyepumua, tukidhani pumzi nayo ina kimo.
Linta ikapita juu yetu kama mkono unaopima homa.

Tukaingia.

Ndani, milango haikufunguka zaidi ya upana wa kiganja.
Tukatokea nyuma, mmoja mmoja, mchungaji akitanguliza miguu,
na kila aliyeshuka
gari likainuka kidogo,
kama mtu anayeinua uso baada ya kukemewa.
Paka alikuwa wa mwisho.

Hapo ndipo tulipoona:
sasa lilikuwa refu kuliko mlango lilioingilia.

Kimya.
Kisha Otti akacheka, na kicheko cha Otti ni ugonjwa, kinaambukiza.
Arnfridur akajifuta machozi kwa ukosi wa koti, akauliza:
"Kesho unatoka saa ngapi?"

Saa moja kamili, bado giza, tunakuja.
Haflidi ameandaa kahawa na vikombe saba.
Tangu Sesselja azikwe
mtu huyu alikuwa akila amesimama, karibu na sinki.
Sasa kanunua meza.

Mwezi wa tatu pacha walimjia tena na mashine yao.
Akawarudisha. Alisema zege halijakauka.
Zege la mwaka sabini na moja.

Mimi nimepungua kilo mbili kwa kupanda ule mlima wa kwake kila siku.
Sijamwambia.
Nabeba kamusi mbili kwenye mkoba, nazipakata,
natimiza hesabu.