Kutoa Upepo

Kazi hii si ya mtu mmoja.
Bomba unaweza kulifunga peke yako,
ukaikunja shaba kwa goti, ukapanua mdomo wake,
ukakaza nati hadi mishipa ya shingo ikasimama;
lakini upepo ukishaingia kwenye breki
inatakiwa miguu juu na mikono chini,
na aliye chini miguu yake haifiki.

Ndiyo maana Jumapili ile, Gungu, gereji imefungwa,
nilimtuma mtoto akamwite Bukuru.

Tangu matanga ya baba hatukuwa tumesemezana.
Mtaa mzima unajua sababu: ni hili gari,
Kanta ya chumvi, Uvinza kwenda, Uvinza kurudi,
miaka kumi na tisa, mpaka chumvi ikapenya bodi
ikala bomba la nyuma, pale juu ya ekseli,
likawa kama ganda la muhogo mkavu.
Yeye alitaka tuiuze. Mimi nilitaka iendelee.
Pacha wangu huyo. Alinitangulia dakika ishirini
na hajaacha kuzitaja.

Alikuja na shati la kanisani. Hakuuliza hali.
Akalivua, akalitundika kwenye kioo cha pembeni,
akaingia chini kwa mgongo na spana namba kumi,
mpira mwembamba wa dripu,
na chupa ya maji ya nusu lita, oili kidogo kitakoni.
"Tunaanza la mbali," alisema. Aliliambia gari, si mimi.
Nyuma kushoto.

Kanyaga.
Nikakanyaga: mguu ukazama kama kwenye tope la Malagarasi.
Tena. Tena. Shikilia.
Nati ikalia kidogo, pedeli ikashuka hadi sakafuni,
na kule chini nikasikia chupa ikicheua
kama mtoto aliyeshiba.
Usiachie! Bado sijafunga!
"Funga kwanza ndipo niachie, kwani we unajifunza leo?"
Hiyo niliisema mimi, kwa sauti ya baba,
na wote wawili tukanyamaza.

Kile kichuchu cha kutolea upepo, hapa gereji tunakiita nipo.
"Nipo imeshika kutu," akasema.
"Upo?" nikauliza, maana sikumsikia vizuri.
"Nipo."
Mpaka leo sijui kama alinijibu mimi
au alikuwa bado kwenye kutu yake.

Nyuma kulia. Mbele kushoto. Mara tatu nilishuka
kujaza kikopo, kwa kuwa kikikauka
unavuta upepo upya na siku nzima imekwenda bure.
Oili ya zamani ilitoka nyeusi kama chai ya msibani,
ikaja ya kahawia, ikaja
rangi ya asali ya Kibondo yenye povu,
kisha povu moja, ngoja, jingine,
kisha uzi usiokatika.
Tone lilinidondoka mlangoni. Rangi ikavimba, ikabanduka,
ikaondoka na herufi ya mwisho ya jina la baba.
Sikumwambia.

Mbele kulia. Kanyaga.
Safari hii mguu ulikutana na kitu.
Robo ya njia, ukagota:
kama vile kuna mtu anashikilia mlango kwa upande wa pili.

Alitoka na vumbi mgongo mzima, akafuta spana kwa soksi.
Sikumwambia asante. Hakuniambia tuiuze.
Nikasema nakwenda kujaribu mteremko wa Mwanga,
ule wa kushukia stesheni.
Breki mpya mwenye akili huzitazama akiwa kando ya barabara;
hilo tulifundishwa wote, siku moja, kwa kofi moja moja.

Bukuru akazunguka mbele ya gari,
akapanda kiti cha kushoto, shati la kanisani mapajani.
Mkanda wa upande ule ulikatika enzi za baba.
Aliutafuta kwa mkono, akakumbuka, akauacha.
"Twende," akasema. "Ila gia ya pili."