Chokaa

Igualada, kando ya mto Anoia,
Baldiri anaambua ngozi za ng'ombe, mwaka wa thelathini huu.
Siku mbili ndani ya pipa la chokaa,
kisha kisu chenye vipini viwili,
na bado tabaka la juu halitoki bila ugomvi.
Ng'ombe kafa zamani, ngozi yake ingali inashikana.

Queralt alipokuwa na siku tisa
soksi ya pamba ilivutwa upesi,
ngozi ya kisigino ikatoka nayo.

Huko Barcelona, daktari aliwasha hadubini:
seli bega kwa bega, kila moja imemkamata jirani yake
kwa vifungo visivyoonekana kwa macho.
Lakini chini kabisa, kwenye safu ya mwisho,
pale tabaka la juu linapotia nanga katika la ndani,
pete ilikuwepo, chanda hakuna.
Protini moja tu. Jina lake refu,
Baldiri hakulishika.

Alichoshika ni hiki:
kazi anayoifanya yeye kwa chokaa na mabega,
mwanawe anafanyiwa na soksi.

Sasa ana miaka minne.
Baba anaoga mara mbili kabla ya kuingia chumbani,
kucha kazikata hadi nyamani.
Anamnyanyua kwa shuka. Shuka ndiyo anayoishika.

"Nikumbatie kweli," anasema Queralt,
"si hivyo. Kama mama."

Baldiri anaweka kiganja juu ya nywele zake,
hapo tu,
wala hajui namna ya kukiondoa.