Mguso wa Pili

Maji ya bomba yangeuua, yana chumvi,
na ya kisima ndiyo kabisa.
Kwa hiyo kila jioni nashuka na kopo la rangi
hadi nyuma ya duka la dawa la Eligiva, hapa Sinza,
ambako kiyoyozi kinadondosha
tone, tone, tone,
jasho la mashine, lisilo na chumvi.

"Wenzio wanafuga kuku wa mayai," ananiambia,
"wewe unafuga mmea unaokula nzi.
Utauza nini? Nzi?"

Wenyewe hauzidi kiganja.
Umekaa kibarazani kwenye beseni lililopasuka ukingo,
juu ya makumbi ya nazi niliyoyasuuza siku tatu.
Mbolea siutilii, ingeuchoma.
Kwao, nilivyosoma, ni kinamasi kisicho na kitu;
ardhi ilipoukatalia ndipo ukajifunza kufumba mkono.

Nzi hawana shida, bucha liko ng'ambo ya barabara.
Anatua mmoja. Anagusa unywele.
Kimya.
Jani liko wazi, jekundu kama kaakaa la mtoto,
linahesabu.
Anasogea, anaonja utamu wa ukingoni,
anagusa wa pili,
basi.

Kondo, mwanawe Sikudhani, alikuja na njiti ya kiberiti
kulichokonoa. Nikamdaka mkono.
Jani hufumba mara chache tu maishani, nikamwambia,
kisha linakuwa jeusi, linajifia.
Usilichoshe kwa uongo.
Akanitazama kama nimemsema mtu anayemjua.

Mama yake haupendi. Akipita hujifunika kanga puani,
"Na huyo mchawi wako hajambo?"
Lakini Alhamisi alipanda ngazi mwenyewe
na karatasi za kausha damu, laki tatu,
za friji ya kuuzia barafu,
nimsomee yale maandishi madogo, macho yake hayafiki.
Ukurasa wa kwanza alikwisha utia saini kule kule ofisini.
"Na mbona hakuna kilichotokea?" akasema.
"Watu wapole wale. Wamenipa na soda."

Nikasoma. Riba ya wiki. Friji yenyewe. Kitanda. Cherehani.
Hakuwa akisikiliza; kalamu ilishafika
juu ya ukurasa wa pili.

Nikanyamaza.
Nikamsogezea kigoda karibu na beseni.
Nzi alikuwa ndio kwanza anatua.