Ramani ya Kushonea

Karatasi kubwa ilikuwa adimu mwaka ule,
basi Bi Tausila akakatia violezo
mji wa watu.
Budapesti. Ramani ya ukutani, iliyoachwa kaunta
hapa Mtaa wa Narung'ombe
na mfamasia mmoja, Kihwelo, aliyesomea huko.
Alikuja kupimwa kaunda suti, akalipa nusu,
asirudi.

Mimi nilikuwa mwanagenzi, kijana wa vifungo na pasi ya mkaa.
Ule mji niliujua kwa mkasi.
Bega la kushoto Buda, vilima na kasri,
la kulia Pesti, tambarare kama Jangwani,
na Mto Danubi ukateremka katikati
palepale unapopita uti wa mgongo.
"Fuata mto," aliniambia, "usipinde.
Ukipinda, mteja atatembea kama kaa."

Wilaya zao zina namba, kama wodi za hospitali.
Ya Tano, penye jumba la Bunge, ilikuwa ukosi:
kaidi, ina pembe, haitaki pasi ya haraka.
Mabafu ya maji moto yaliangukia kiunoni,
tukacheka,
maana hapo ndipo joto la Dar linapotua.
Majina niliyasoma kwa ulimi wa Kariakoo,
Ferentsivarosi, Yozefuvarosi,
hadi mama mmoja aliyeleta gauni kupunguzwa
akanong'ona: huyu mtoto anasomewa nini?

Nikitumwa uzi Mtaa wa Tandamti
nilikwenda kwa njia zangu.
Masika, Msimbazi ikifurika,
kuna jamaa huweka ubao juu ya mtaro
na kutoza kila mguu unaovuka.
Ule ubao ndio ulikuwa Daraja la Minyororo.
Nililipa bila kubishana.
Na Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nilihesabu:
yule kavaa Wilaya ya Kumi na Mbili, imembana.
Yule kavaa stesheni ya treni,
haijui.

Mwezi uliopita akaingia binti, Atukuzwe Kihwelo,
na stakabadhi ya rangi ya chai:
suti moja, nusu imelipwa.
Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi: *na ramani yangu*.
Baba, alisema, hamkumbuki tena yeye jina,
ila asubuhi huvaa viatu
akaketi barazani Tabata
akisubiri tramu ya manjano.
Akiulizwa unakwenda wapi, hutaja vituo,
vyote, kwa mpangilio, hakosei.
Daktari kasema msibishane naye.

Bi Tausila hakuomba radhi.
Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga,
akasema, funga mlango.
Adhuhuri, Kariakoo, mlango umefungwa!
Tukaishusha miji yote iliyoning'inia msumarini,
mbele, nyuma, mikono miwili, ukosi,
tukaitandaza sakafuni,
tukaibana Budapesti kwa pini, kipande kwa kipande,
imejaa chaki na namba za viuno vya watu,
wengine marehemu.

Kisiwa cha Margiti hakikuonekana.
Kilikuwa mfuko wa kifuani.
Labda panya, labda kimeshonewa ndani ya koti la mtu
anayelivaa harusini hadi leo.
Niliweka kipande cha gazeti mahali pake,
mto ukabaki na tangazo la mabati.

"Aliishi wapi?" binti akauliza.
Alikuwa na anwani kwenye bahasha.
Sikuisoma. Wilaya ya Tisa tu ilinitosha:
chini ya kwapa la kulia, sentimita mbili kutoka mshononi.
Akaweka kidole. Hakukiondoa.
Nje mtu aligonga, akataka zipu yake, akagonga tena.

Bi Tausila alikuwa tayari na futi shingoni.
"Nusu yake ipo," alisema. "Nina deni la suti.
Simama wima, mwanangu, nikupime.
Mabega ni ya ukoo."