Nusu ya Kidonge

Bwana Shee Badi ni mdarizi wa kofia,
au tuseme alikuwa.
Leo amekuja na moja mfukoni:
viua kumi na vitatu vimenyooka,
cha kumi na nne kimekwenda tenge
kama hati ya mtoto wa chuoni.

"Daktari," asema, "ulinirudishia mkono,
ukanirudishia na wale watu."

Wale watu wakaa nyuma ya kabati la vyombo,
nyumbani kwake Kibokoni.
Wamwambia kahawa ina sumu.
Wamwambia Zuena si binti yake,
ni mtu aliyevaa uso wa Zuena.

Najua nilichofanya.
Niliongeza dawa ya mtetemo, robo tu,
na robo ile ikafungua kabati.
Mwaka juzi nilikuwa nimelifunga
kwa sindano ya kila mwezi,
naye akaganda:
mate kidevuni, uso mkavu kama ukuta wa chokaa,
kizingiti kimoja akikivuka kwa dakika nzima.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.
Hawakusema aachilie lipi.

Chuo kikuu nilifunzwa maradhi haya
kwa vitabu viwili, mihula miwili.
Hakuna aliyenambia
yaweza kukalia kiti kimoja,
Jumanne, chumba cha tatu,
huku feni ikichafua faili mezani.

Iko dawa nyingine.
Yataka damu ipimwe kila wiki,
na mashine yetu imelala tangu Mfungo Tatu.
Kupima nje ni pesa.
Zuena, muuza viazi vya karai,
ahesabu kwa vidole, afika cha nne, anyamaza.
Kisha asema: "Andika."

Nashika kalamu. Mzee anishika mkono,
mkono wake watetemeka, wangu nao wafuata.
"Yupo mmoja kati yao," anong'ona,
"hunihesabia mishono.
Huyo usimfukuze."

Sina dawa ya kuchagua.
Naandika robo, usiku. Nafuta. Nusu.

Mlangoni Zuena auliza atakikataje,
namwonyesha kwa wembe, juu ya kifuniko cha kopo.
Kidonge chapasuka vibaya:
kipande kikubwa, kipande kidogo,
na katikati vumbi jeupe
ambalo sote watatu twaliangalia,
hatujui ni la nani.