Tone la Ghorofa ya Nne

Miaka mitatu kiyoyozi changu kilimtemea Bi Tsai.
Tak. Tak. Tak,
juu ya bati la kibaraza chake, ghorofa ya tatu,
hapa Kaohsiung, ambako Julai hata ukuta hutoka jasho.

Aligonga dari kwa mpini wa ufagio.
Akabandika karatasi kwenye lifti, wino mwekundu:
“Kuna mtu humu hajui usiku ni wa kulala.”
Nikajifanya sijui kusoma.
Kazi ndogo haina siku yake, ndiyo shida yake.

Jumamosi hii chumba kilinuka soksi mbichi.
Nikazima swichi kuu, nikapanda kiti,
nikakifungua kinywa,
na kichujio kikatoka kimejifunika blanketi:
vumbi la pikipiki, masizi ya udi wa hekalu la pale kona,
manyoya ya paka niliyemgawa mwaka juzi.
Kumbe bado nilikuwa namvuta puani.

Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu.
Taratibu. Wavu ni mwembamba, ukiusugua kwa hasira unachanika.
Nikauanika kivulini, maana jua hupinda plastiki.
Mapezi ya alumini nikayapiga brashi juu kwenda chini,
yaliyolala nikayainua kwa ncha ya kijiti cha kulia.

Mwisho mrija. Adui mwenyewe.
Nikaunga pampu ya mkono, nikavuta. Ukagoma.
Nikavuta tena,
ukakohoa ute mrefu wa kijivu,
na mende mmoja aliyekauka zamani,
halafu maji, maji, maji,
yakishika njia yao hadi mfereji wa ukutani.

Usiku nilitega sikio. Kimya.
Nikalala kama mdeni aliyelipa.

Asubuhi, mlangoni, Bi Tsai na ndoo tupu.
Nikajiweka sawa kupokea shukrani.
Akachungulia juu ya bega langu.
“Umekitengeneza.”
“Ndiyo.”
“Na okidi zangu kumi na saba,” akasema,
“zisizotaka maji ya bomba, zitakunywa nini?”

Sasa upo mpira wa bluu, mita tatu,
kutoka mrija wangu hadi ndooni kwake.
Nikichelewa kuosha kichujio, maji hupungua,
naye hupanda ngazi kuniuliza kulikoni,
mswaki tayari mkononi.

Ile karatasi ya lifti hajaibandua.