Kabla Hujamchukua

Kaa kwanza, Nasemba. Kamba ninayo mimi.
Goba ni mbali lakini jua bado lipo,
na sijamaliza kukueleza.

Anaitwa Luku.
Tulimtoa mtaroni, nyuma ya soko la ndizi Mabibo,
usiku ambao umeme ulituishia na mvua ikakataa kuisha.
Shingoni alikuwa na waya. Si mkanda. Waya,
ule wa kufungia nondo, nyama imeota juu yake
kama mti unavyomeza msumari.
Dokta Mwaipopo alimulika kwa simu,
akasema, "Huyu sijui zimebaki uniti ngapi."
Jina likatoka hapo.

Wiki ya kwanza alilala chini ya karo,
uso ukutani.
Nilimwekea ugali uliolowa mchuzi wa dagaa, nikaondoka.
Nilipochungulia, alikuwa anautazama
kama mtu aliyeletewa bili.

Sasa sikiliza.
Ufagio wa chelewa usiunyanyue ghafla. Fagia,
lakini ongea naye kwanza.
Mwanamume mwenye kofia atamfanya akojoe palepale;
usimchape, usimcheke. Mwaga maji, pita.
Radi ikipiga mfungulie mlango wa chooni.
Ndiyo, chooni. Alichagua mwenyewe.
Chanjo ya kichaa amepata, kadi hii hapa.
Amehasiwa, hatakuletea wakwe.
Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Kupe, kagua masikioni
na katikati ya vidole, pale anapojifanya
hasikii mtekenyo.

Jirani yangu, yule pale dirishani, Bi Mwanahawa,
alikuja siku ya pili kulalamika.
Mate ya mbwa, alisema, chombo huoshwa mara saba,
mojawapo kwa udongo, na yeye ana wajukuu wanaotambaa.
Nikamwomba radhi. Nikapandisha matofali.
Siku ya tatu nikasikia kitu kinakwaruza
chini ya mlango wa uani:
bakuli la plastiki, linasukumwa kwa mpini wa jembe,
ndani ukoko na vichwa vya changu.
"Bakuli hilo," alisema, "usinirudishie."
Nenda nalo. Kwenye lingine hali vizuri.

Kabla yako alikuja bwana mmoja wa Kinyerezi, ana geti jipya.
Akauliza, anang'ata?
Akauliza, ukimnyima chakula anakuwa mkali?
Nilimpa soda, akanywa, nikamwambia mbwa ameshapata mtu.
Ulikuwa uongo. Ulikuwa bado hujapiga simu.
Wewe uliuliza huwa analala upande gani.

Miezi mitano nilimfundisha mkono.
Mkono unaokuja haukamati.
Mkono unaokamata haupigi.
Mkono ukifika shingoni, kwenye kovu, unakuna tu.
Kila jioni somo lilelile, alifu kwa kijiti,
naye kila jioni akarudi nyuma hatua moja
kabla ya kusogea mbili.
Siku aliponilalia mguuni nilikaa
hadi mguu ukafa ganzi na wali ukaungua.
Tulikula ukoko, sote wawili,
mlo mzuri kuliko wa Idi.

Basi.
Kuna jambo moja halimo kwenye kadi.
Kesho ataketi getini kwako akitazama njia.
Usinipigie simu. Nikisikia analia nitakuja,
na nikija nitaharibu kila kitu.
Kaa naye chini, hata kama ni vumbi,
usiseme chochote cha maana.
Nimemfundisha kukaa, kungoja, kuja akiitwa.
Lililonishinda ni hili:
kumweleza kwamba kuachwa huku
si kule kwa mtaroni.

Shika kamba. Hapana, ilegeze. Hivyo.
Mimi nina kazi, kuna paka watatu kwenye boksi la biskuti,
wameachwa jana mlangoni, mmoja hata macho hajafumbua,
na maziwa yako jikoni yanapoa.

Nenda, Luku.
Usinitazame mimi.
Mtazame yeye.